Wiki Tuliyonong'ona

Sauti yangu ilikatika Jumatatu asubuhi nikiwa naita majina ya watoto. Nilifungua mdomo kuita jina lililofuata, ikatoka pumzi tupu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Nikakohoa, nikameza mate, nikajaribu tena. Pumzi. Watoto wa mbele waliinua vichwa wakanitazama. Mmoja akacheka, akidhani ni mchezo.

Sikushangaa sana. Koo lilikuwa likiniwasha kwa muda mrefu. Ninafundisha darasa la mwaka wa pili katika shule ya msingi pale Kalembe, mahali eneo la Masisi linapoishia na la Walikale linapoanza, na miaka yote nimeifanya kazi hii kwa koo kuliko kwa kichwa. Paa letu ni la mabati yasiyo na dari. Mvua ikishuka, na kwetu inashuka inapotaka, mwalimu anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka, au anawaambia watoto walaze vichwa juu ya mikono wangoje. Ukuta unaotutenga na mwaka wa tatu ni wa mbao zilizopigiliwa bila kubanana. Upande wa pili wa mbao hizo anafundisha mwenzangu, mzee mwenye kifua kipana ambaye Jumapili anaongoza nyimbo kanisani kwake. Akiuliza "mbili mara tatu?" watoto wangu wanajibu "sita" kabla ya watoto wake. Ili nisikike ilibidi nipande juu yake. Naye akisikia nimepanda, anapanda. Hatukuwahi kugombana. Tulikuwa tunafunikana tu, kuanzia asubuhi hadi saa ya kutoka, yeye na mimi, kila siku ya Mungu.

Na watoto ni wengi. Wanakaa wanne kwenye benchi la wawili, na waliokosa benchi wanakaa juu ya mawe waliyoyaleta wenyewe kutoka mtoni. Wapo wadogo wa miaka saba, na wapo wakubwa ambao sauti zimeanza kuwa nzito, waliouanza mwaka wa pili mara nyingi kwa sababu kila walipouanza familia zao zilihama. Nyumbani wanasema Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga. Shuleni tunawafundisha kusoma kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe si kile cha njiani. Kitabu kinasema "ni", wao wanasema "iko". Kitabu kinasema "ndiyo", wao wanasema "njo". Ninasahihisha mchana kutwa, kisha nikivuka mlango kwenda nyumbani na mimi ninasema "njo".

Basi asubuhi hiyo nilichukua chaki nikaandika kwenye tablo: Fungueni kitabu. Nikageuka, nikasubiri. Waliyatazama maneno yale kwa heshima, kama mgeni anavyotazama picha katika nyumba ya watu. Wachache walisukuma midomo: fu, fu, ngu. Wengine walikuwa wamekwisha anza kupigana viwiko. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo lenyewe. Sauti imekwenda, na maandishi ambayo yangenisaidia, wao ndio kwanza wanajifunza kuyasoma.

Saa ya mapumziko nilimfuata direkteri, mkuu wa shule yetu. Yeye pia anafundisha, ana mwaka wa sita, na ofisi yake ni meza iliyo nyuma ya darasa hilo. Nilimwonyesha koo kwa kidole, nikatikisa kichwa.

"Imekatika kabisa?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamnong'oneza kwamba naomba siku mbili za kupumzika.

Aliweka kalamu chini. Ni mtu mwema, na macho yake huwa mekundu kama ya mtu aliyetoka safarini. "Madamu, unisamehe. Nani atashika batoto? Mwalimu wa kwanza iko mu malaria. Mimi niko na ba sita. Jaribu tu. Andika ku tablo."

"Bado hawajui kusoma," nilinong'ona.

"Njo sababu uko pale," alisema, na hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu, kama mimi.

Jioni nilipita kituo cha afya. Muganga alinimulika kooni kwa tochi ya simu, akaniambia nisiongee. "Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona kunaumiza koo kupita kupiga kelele."

"Nitafundisha namna gani?" nikanong'ona.

"Ona sasa, unanong'ona." Akazima tochi. "Mimi natibia koo, Madamu. Mambo ya shule uliza ba shule."

Nyumbani mume wangu alisema nyumba imepata amani, kisha akaniona uso akaacha mzaha. Mama mkwe, mtu wa upande wa msituni, alinipa asali ya porini ndani ya chupa ya plastiki. Akaniagiza niilaze juu ya ulimi mpaka iyeyuke yenyewe, na nisimwambie mtu yeyote ninaumwa nini hadi jua lizame. Sharti hilo lilikuwa rahisi kulitimiza.

Jumanne nilikwenda darasani nikanong'ona. Najua muganga alikataza, lakini muganga hajasimama mbele ya mwaka wa pili. Mwanzo ilikuwa vurugu. Watoto walipoona mwalimu hana sauti walifanya kile ambacho watoto wote wangefanya. Mmoja alipanda juu ya benchi. Jiwe la mtu liliibwa likapelekwa nyuma. Mwenzangu, upande wa pili wa mbao, alikuwa anafundisha mito ya nchi kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mimi nikakaa kitini. Sikukaa kwa mpango wowote, miguu ndiyo iliyokataa. Nikainamia wale wa mbele nikawanong'oneza, "Leo tunasoma ukurasa wa ng'ombe."

Wale wa mbele wakageuka nyuma, wakawaambia wenzao kwa kunong'ona, "Leo tunasoma ukurasa wa ng'ombe." Hakuna aliyewaambia wanong'one. Mtoto ukimnong'oneza, naye ananong'ona. Jaribu nyumbani kwako utaona. Maneno yakaenda benchi kwa benchi hadi wale wa mawe, na yalipofika nyuma darasa lilikuwa kimya, wote wamenyoosha shingo kuona kitakachotoka tena mdomoni mwangu.

Tulisoma hivyo. Ba, be, bi, bo, bu, kwa pumzi, wote pamoja, ilikuwa kama mtu anayepepeta maharagi kwenye ungo. Nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia mle ndani. Nilisikia mtoto wa safu ya tatu akikohoa kikohozi kibaya, nikajua lazima nimwite mzazi wake. Nilisikia kwamba kijana mkubwa aliyekuwa akisoma kwa nguvu kupita wote hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri, akigeuza ukurasa mahali pasipo pake.

Kulikuwa na msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha. Alikuja na mama yake kutoka vilima vya upande wa Masisi, wakapokelewa na familia moja karibu na soko. Tangu alipofika, kila nilipomwita asome alisimama, akachezesha midomo, na mimi sikusikia kitu. Nilimwambia "Kaa," nikaendelea na mwingine, kwa kuwa wengine walikuwa wengi. Nilijua hajui kusoma. Jumanne hiyo nilimwita kwa kidole. Akasimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma ukurasa wa ng'ombe kutoka juu hadi chini kwa mnong'ono wake, bila kujikwaa, na kwenye koma alipumzika.

Nilimwomba asome ukurasa unaofuata. Akasoma. Huo hatukuwa tumeufundisha bado.

Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi ni mwili mzima kuwa mzito, kama mtu aliyebeba kuni akagundua amepita nyumbani kwake zamani. Nilimgusa bega, nikamnong'oneza kwamba amesoma vizuri sana. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Asante, Madamu," akanong'ona.

Kabla ya saa ya kutoka nikaona jicho kwenye mwanya wa mbao. Lilikuwa la mwenzangu.

"Madamu," akaita, "batoto umebapeleka wapi?"

Darasa zima likacheka, na lilicheka kwa pumzi. Jicho likaondoka mwanyani. Kisha nikamsikia akiwaambia watoto wake, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, wafungue madaftari.

Sitasema uongo, wiki hiyo niliipenda. Jumatano kwetu ni siku ya soko, na nusu ya darasa huwa haiji, wako na mama zao wakiuza majani ya sombe na mihogo. Waliobaki nilifanya nao hesabu kwa mbegu za maharagi, kimya, na nilirudi nyumbani bila kichwa kuniuma. Niliisikia mvua ya jioni nikiwa nimekaa, nikakumbuka kwamba zamani, kabla sijawa mwalimu, niliipenda. Alhamisi ni siku ya bustani. Tunalima vitunguu na kabichi nyuma ya vyoo, na kwa kawaida ni siku ya vita vya majembe. Alhamisi hiyo walilima wakinong'onezana. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta la pembeni, mikono kiunoni, nikiwaza labda nimegundua kitu ambacho wakaguzi wa elimu na vitabu vyao hawakukijua.

Njia ya kwenda kisimani inapita juu ya bustani ile. Mama mmoja aliyebeba bidoni la maji alisimama akatutazama. Watoto wengi, majembe yanapanda na kushuka, na hakuna sauti. Nilimpungia mkono. Hakunipungia. Alikivuta kitenge mabegani akaongeza mwendo, na maji yakammwagikia mgongoni.

Ijumaa, watoto walipokuwa wakinakili sentensi, mama wa yule msichana wa dirishani alitokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, miguu ina udongo wa shamba. Hakuingia. Nikatoka.

"Jambo, Madamu," alisema.

Nilimsalimia kwa pumzi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Na weye?" alisema. "Na weye unasema chini-chini?"

Nikamwonyesha koo. Nikamnong'oneza kwamba ni ugonjwa, kwamba sauti imekatika, hakuna kitu kingine. Alinitazama mdomo wakati wote, kama mtu anayepokea habari kwa lugha asiyoiamini.

"Mutoto wangu," alisema, "tangu siku ya pili iko anaongea chini-chini. Anaomba chumvi chini-chini. Anaitika chini-chini. Nikamuuliza: umeona nani? Anasema hapana muntu. Nikamuuliza: nani alikuambia uongee hivi? Anasema, Madamu."

Nilitaka kumwambia jinsi mwanawe anavyosoma. Nilianza. Akainua mkono.

"Unisikilize kwanza, mama. Kule kwetu, wakati tulikuwa tunalala mu migomba, tunakimbia vita, miye njo nilimufundisha. Kama unataka maji, sema mu sikio langu. Kama unaumwa, sema mu sikio langu. Alikuwa mudogo, akafahamu mbio. Tukafika hapa, hapa hakuna shida, batu banacheka, banapiga ngoma mu kanisa. Yeye, mu sikio tu. Nilitafuta sauti yake kama vile unatafuta mbuzi yenye ilipotea. Miezi. Sasa ilianza kurudi, kidogo ku nyumba, tukicheza. Na sasa, ona."

Hakulia. Alisema haya yote akiangalia bustani.

"Jana jirani yangu alifunga mizigo yake," aliendelea. "Batoto bake babili biko hapa kwako. Alisema, batoto bakianza kunong'ona, bamesikia kitu chenye bakubwa habajasikia. Alilala na viatu. Na si yeye peke yake."

Nilikuwa nayo maneno, ila yote yangetoka kwa kunong'ona, na kila ninalonong'ona lingemthibitishia kile anachokiogopa. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi. Ndani ya darasa watoto waliendelea kunakili, kimya, na sasa na mimi nilikisikia kimya kile kama anavyokisikia yeye. Sikukipenda tena.

Direkteri aliwaita wazazi Jumamosi asubuhi, siku ya posho kama wanavyosema wenyewe, tulipomaliza kufagia. Walikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti juu. Baba mmoja, mkulima wa pale pale Kalembe, alisimama akauliza kama shule imepata habari yoyote, na kama imepata, kwa nini inaificha.

"Hakuna habari," direkteri alisema. "Madamu iko na ugonjwa ya koo. Basi."

"Na batoto, bote biko na ugonjwa ya koo?"

Wengine walicheka kidogo. Wengi hawakucheka. Direkteri akanigeukia, kisha akakumbuka kwamba siwezi kusaidia. Ni hapo mwenzangu wa mwaka wa tatu aliposimama. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia juu ya goti.

"Mimi niko na sauti," alisema, na kweli mabati yaliitika. "Tutoe hizi mbao. Batoto ba Madamu na bangu bakae pamoja mpaka atapona. Miye nitaongea, yeye ataandika. Na batoto balalamike, bapige kelele, kama batoto. Mwenye ataongea chini-chini nitamutuma kuchota maji."

Yule mama wa msichana alikuwa upande wa mlango. Nilimwona akishusha mabega.

Baba wawili walikwenda kuleta nyundo. Misumari ilitoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Mbao zikaegemezwa nje, chini ya ukingo wa paa, na madarasa yetu mawili yakawa chumba kimoja kirefu chenye tablo kila upande. Mzee mwenzangu alikuja kuniambia pembeni, "Usikasirike, Madamu. Hata miye nilikuwa napenda ile kimya. Siku tatu nilifundisha bila kuumwa kifua." Nikamwambia kwa kichwa kwamba sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika kidogo, sijui nimemkasirikia nani. Nilikuwa nimepewa kitu kizuri kwa siku chache, na kumbe ni mali ya watu wengine na kwao kilikuwa na jina lingine.

Wiki iliyofuata kelele zilirudi zote, na nyingine juu yake. Mzee alifundisha madarasa mawili kwa kupokezana, akiwaimbisha ba-be-bi-bo-bu kama kwaya, na wangu waliimba kwa nguvu za watu waliofunguliwa kamba. Mimi niliandika, nikaonyesha kwa fimbo, nikatenganisha wanaopigana. Wapita njia walipita bila kusimama. Nilisikia kwamba yule jirani alifungua mizigo yake.

Msichana wa dirishani alirudia kuchezesha midomo. Mzee alimwita asome, akaweka mkono nyuma ya sikio, akasema kwa upole, "Sisikii, mama." Akamwita mwingine. Nikaona uso wa mtoto ukifungwa.

Siku ya pili yake nilimwambia mzee kwa ishara kwamba naomba watoto mmoja mmoja. Nilichukua kiti changu nikakiweka nje, kwenye kizingiti, mahali ambapo jua la asubuhi linafika. Kazi ya kuongea haikuwa yangu tena, basi nilibaki na masikio. Mtoto mmoja alitoka na kitabu, akakaa kwenye jiwe karibu nami, akanisomea, akarudi, akamtuma mwenzake. Yule kijana mkubwa aliyekariri alitoka, nikafunika ukurasa kwa kiganja nikamwachia neno moja tu. Akalitazama. Jasho likamtoka. Tukaanza naye upya, herufi kwa herufi, na hakuna aliyemwona.

Msichana alipotoka, alisoma kwa mnong'ono wake. Nilimsikiliza ukurasa mzima. Kisha nikasogeza kiti nyuma, urefu wa mkono. Akanitazama, akasoma tena, na ili maneno yanifikie ilibidi ayasukume kidogo. Kesho yake nikasogeza tena. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili. Siku nyingine sauti yake ilirudi chini kabisa, hata nikalazimika kusogea karibu kuliko siku ya kwanza, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani kuacha. Siku hizo tulikaa tu, tukaangalia ng'ombe wa watu ng'ambo.

Asubuhi moja mama yake alipita akienda shambani, jembe begani. Alisimama njiani, mbali kidogo, asionekane na mtoto. Sijui alisikia nini kutoka pale. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwake. Alikaa muda wa kutosha, kisha akaendelea na safari.

Sauti yangu ilirudi polepole, kwanza kama mlango unaokwaruza, halafu nene, na haikuwa ile yangu. Muganga alinimulika tena akasema imebaki na kovu, nisitegemee zaidi ya hapo. Watoto wapya wakinisikia wanadhani nimekasirika. Mbao za ukuta hazikurudi mahali pake. Mvua za mwezi huo zilizipinda, na siku moja hatukuzikuta. Mwenzangu na mimi bado tunafundisha katika chumba kile kimoja kirefu, tumegawana mchana: yeye akisema, wangu wanaandika, na mimi nikisema, wake wanaandika. Haifanyi kazi vizuri. Hesabu zake zinaingia katika usomaji wangu. Direkteri anasema mwakani kutakuwa na ukuta wa matofali, na anasema hivyo bila kututazama machoni.

Kazi ya kizingitini niliendelea nayo kila nilipopata nafasi, lakini mwalimu mwenye sauti hapati nafasi nyingi. Kuna wiki nzima inayopita bila kiti kutoka nje.

Msichana na mama yake waliondoka baada ya mavuno ya maharagi. Mama alikuja kuniaga; alisema vilima vimetulia na shamba lao linaliwa na majani, na vikichafuka tena watarudi. Nilimpa kitabu cha darasa, ambacho si changu kukitoa. Nafasi yake dirishani ilijazwa kesho yake.

Niliwaona mara moja tangu hapo. Nilikuwa nimepanda pikipiki kwenda Masisi kwa shughuli za shule, nikashuka sokoni kununua jibini ya kupelekea nyumbani. Soko lilikuwa limejaa, watu wanabishana bei, mbuzi wanalia. Nikasikia mtoto anasoma. Alikuwa amesimama mbele ya mfuko wa chumvi, kidole juu ya maandishi, akisoma kila kilichoandikwa, uzito, namba, mahali ilipotoka, kwa sauti iliyomfanya muuza chumvi mwenyewe ageuke.

"Soma chini-chini," mama yake alisema haraka, akimvuta mkono, "batu banatuangalia."

Kisha akaniona. Akaziba mdomo kwa kiganja, kama aliyejisikia mwenyewe. Tukatazamana, tukaanza kucheka wote wawili, yeye akiwa ameshika kapu, mimi nikishika koo, kwa maana kucheka bado kunaniuma.

"Umwache asome," nilimwambia kwa sauti yangu mpya.

"Anasoma, Madamu," alisema. "Anasoma bile byote. Anatuchokesha."

Dereva wa pikipiki akapiga honi, mvua ilikuwa inakuja juu ya vilima. Nikawaaga, nikapanda, jibini mapajani, na njia ndefu ya matope mbele yetu.